Nani Atwange, Nani Akate Kuni

Mchi ule ulikuwa na mwendo wake. Ulipiga mara mbili taratibu, kisha mara mbili haraka, kama mtu anayebisha hodi halafu akakumbuka ameacha chungu jikoni. Ulianza kila siku jua likishashuka, ukitokea nyuma ya ua wa minyaa, nyumba chache kutoka kwa mama mdogo pale Ipagala. Mpaka leo nikipita mahali nikasikia mtu anatwanga, nasimama kwanza nisikilize kama ni mwendo ule. Sijausikia kwa mtu mwingine.

Nyuma ya minyaa ile alikaa kijana mmoja aliyehamia kutoka Buigiri na mama yake. Kijana tulimjua, tulikuwa naye kwenye kwaya ya vijana kanisani, akiimba sauti ya chini. Mama yake hatukumjua. Tuliambiwa anaumwa. Anaumwa nini, hatukuambiwa, na hakuna aliyewahi kukaribishwa ndani apewe hata kigoda.

"Mgonjwa gani ana kifua cha kutwanga namna hii?" mama mdogo aliuliza siku moja, ameshika mwiko hewani anasikiliza. "Sikia. Huyo ni mwanamke mzima, tena kijana. Yule mwenzenu ameficha mke mle ndani."

"Aoe kimyakimya, mama mdogo? Kwa nini?"

"Mahari, nini kingine? Ametoroka na mtoto wa watu huko kwao. Wewe subiri tu, siku moja utawaona wajomba wanakuja na fimbo."

Mtaa mzima uliamini hivyo, na mimi niliamini kuliko mtaa. Sikufurahi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nina kichwa kinachopenda kusafiri bila nauli, na yule mke wa kufichwa nilikuwa nimeshamchora: mrefu, mweupe wa meno, mikono haichoki. Nikipita pale nilitembea polepole nimwone kwenye upenyo wa minyaa. Niliona kuku tu.

Mimi mwenyewe nilikuwa Ipagala kwa muda. Nilimaliza darasa la saba kijijini kwetu, upande wa Kibaigwa, nikaletwa mjini kumlelea mama mdogo mtoto. Mtoto akakua, akaanza kukimbia na kuiba sukari, kazi yangu ikawa imekwisha. Mama mdogo hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa sauti ya upole kwamba Pasaka ikipita, kama sijapata cha kufanya, itabidi nirudi kwa baba. Kule nilijua kinachonisubiri. Mbuzi wa baba, na mchumba ambaye meno yake nilikuwa nimeyaona kwa mbali tu, mnadani, akicheka na ng'ombe.

Cha kufanya kilikuwepo, lakini kilikuwa kimoja. Vijana wa kanisa letu walikuwa wamepata mashine ya kusaga.

Lazima niseme kidogo ilikuwa miaka gani, maana bila hivyo hutaelewa kwa nini kila mtu alimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Ilikuwa miaka ile kila kitu kimekuwa ruksa. Maduka yalijaa sabuni na nguo za mitumba, na kila kilichokuwa cha wote kilikuwa kinapata mwenyewe. Duka la ushirika la mtaani kwetu lilifungwa siku moja kwa hesabu ya mali, likafunguliwa baadaye lina kufuli jipya na mwenye kufuli ni yule yule aliyekuwa meneja. Mizani ile ile, kaunta ile ile, ila sasa ukimwita ndugu meneja haitiki mpaka umwite bosi. Kwa hiyo mashine ya vijana ilipoletwa na wafadhili, ikashushwa kwenye kibanda kipya cha matofali ya kuchoma, watu hawakuuliza itasaga lini. Waliuliza itakuwa ya nani.

Aliyeisimamia alikuwa katibu wa vijana. Alisoma chuo hapo mjini, sijui masomo gani hasa, lakini yalikuwa na neno ufanisi ndani yake, maana hakuweza kuomba maji ya kunywa bila kulitaja. "Ufanisi, vijana," alikuwa akisema kwenye mazoezi ya kwaya, "sauti ya pili mnapoteza muda kusimama mbali na mlango." Tulicheka, lakini tulimwogopa kidogo. Mtu anayepima hadi jinsi unavyosimama, hujui kwako amepima nini.

Walioomba kazi ya mashine tulikuwa watatu. Kijana wa Buigiri, mimi, na binti wa dereva wa lori aliyekaa nyuma ya kanisa. Binti huyu alinizidi miaka miwili na sauti mara kumi. Alikulia chini ya lori la baba yake, akimpa spana, na alikuwa na tabia ya kukuangalia kama vile wewe nawe una nati imelegea mahali. Habari ilivuja kutoka kwenye kamati kwamba mashine itahitaji watu wawili tu. Nani aliivujisha, sikujua. Kila mmoja wetu alisema ameisikia kwa mwingine.

Basi kuanzia hapo urafiki ukapungua. Binti wa dereva akawa anamsalimia katibu mara mbili mbili. Mimi nikawa nafagia kanisa siku zisizo zangu. Kijana wa Buigiri hakufanya lolote, na hilo ndilo lililotutia wasiwasi zaidi.

"Ametulia sana," binti wa dereva aliniambia. "Mtu hatulii hivyo kama hajaambiwa kitu."

Jumatatu ya Pasaka katibu akatuita watatu kwenye kibanda cha mashine. Tulikuta ameandika kwa chaki kwenye mlango, mwandiko wa chuo, umelala upande mmoja. Akasema leo tutacheza. Nilipomwona anavyosugua chaki mikononi, moyo ukaniambia mchezo gani huu wa mtu aliyevaa tai.

"Kuna nyumba ina mgonjwa," akaanza. "Vijana wa nyumba hiyo ni watatu, mvulana na wasichana wawili. Wageni wanakuja. Kazi ziko tatu: kukata kuni, kutwanga mtama, kuchota maji. Kila mtu apewe kazi moja. Lakini mgonjwa haachwi na mtu mmoja, lazima wawili wabaki naye. Kwa hiyo wanakwenda kwa zamu, huyu akirudi ndipo yule atoke. Mnanielewa?"

"Tunaelewa, kaka katibu."

"Sasa, watu hawalingani." Akagonga mlango kwa kidole, mstari kwa mstari. Mvulana, kuni masaa mawili, kutwanga mawili, maji matatu. Msichana wa kwanza, kuni masaa matatu, kutwanga matano, maji manne. Msichana wa pili, kuni masaa matano, kutwanga matano, maji mawili. "Wapangeni ili masaa yao yakijumlishwa yawe machache kuliko mpango mwingine wowote. Jumla hiyo ndiyo mstari wa mizabibu kwenye shamba la kanisa, mkihesabu kuanzia barabarani. Chini ya nguzo ya katikati ya mstari huo nimefukia kopo. Leteni kopo."

"Ndani ya kopo kuna nini?" binti wa dereva akauliza.

"Mtaona."

Binti wa dereva akaninong'onezea, pumzi yake inanuka karanga: "Kuna majina mawili."

Nilikuwa namtazama msichana wa pili pale mlangoni. Kuni matano, kutwanga matano. Mvulana mmoja, wasichana wawili. Sisi nasi mvulana mmoja, wasichana wawili. Na Krismasi iliyopita, kwenye chakula cha vijana, mimi ndiye niliyetwanga mpaka akina mama wakanionea huruma, wakanipokonya mchi wakanipa karoti nimenye. Katibu alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi na sahani yake, anatazama. Kumbe alikuwa anapima. Nilipoziona zile tano mbili sikuona kitu kingine chochote pale mlangoni. Nilijiona nimepakia mfuko wangu kwenye basi la Kibaigwa.

Tukaondoka. Njia ya kwenda shambani ilikuwa ya mchanga mwekundu, mvua zilikuwa zimekatika mapema mwaka ule na mtama wa watu ulikuwa umesimama tu, hauendi mbele wala nyuma. Binti wa dereva akachukua kijiti, akachuchumaa katikati ya njia, akachora.

"Tusipoteze muda. Kuni ni za kaka, hilo halina mjadala. Mawili."

Hakuna aliyepinga. Kijana wa Buigiri alijikuna pua, akatazama mbali kule kwenye mabati ya mjini yanakometa. Mimi nilimtazama kwa wizi, nikajiambia, huyu anajua jibu, anatuacha tuhangaike.

"Tumebaki wanawake wawili," binti wa dereva akaendelea. "Kutwanga wote ni matano, hakuna tofauti. Maji, wa kwanza manne, wa pili mawili. Basi wa kwanza atwange, wa pili achote. Mawili, matano, mawili."

"Tisa," nikasema.

"Tisa. Umeona? Mambo ya chuo haya." Akafuta kwa mguu, kisha akanigeukia. "Ila mimi najiuliza. Huyo msichana wa kwanza ni nani, na wa pili ni nani?"

"Ni hesabu tu, dada."

"Hesabu tu. Ule mlango ungekuwa na hesabu tu angeandika wavulana watatu."

Tukaendelea na njia. Shamba la mizabibu la kanisa lilikuwa limeshavunwa, majani yameanza kuchakaa, waya zinaonekana. Tukahesabu kutoka barabarani, kila mtu kwa sauti yake ili asidanganywe na mwingine. Mstari wa tisa, nguzo ya katikati. Tukachimba kwa jembe la mkono tulilopewa. Udongo ulikuwa mgumu kama haujawahi kuguswa tangu nguzo iwekwe. Tukachimba upande wa pili. Hakuna. Tukachimba nguzo ya jirani, labda katikati yake si katikati yetu. Hakuna kopo, hakuna hata kifuniko cha kopo.

Nakumbuka jinsi tulivyonyanyuka wote kwa pamoja na kutazamana. Hakuna aliyesema neno wizi, lakini lilikuwa limesimama pale kati yetu kama mtu wa nne.

"Nani alipita hapa asubuhi?" binti wa dereva akauliza.

"Mimi nilikuwa kwa mama mdogo," nikasema haraka mno.

"Sijakuuliza wewe."

Kabla kijana hajajibu tukasikia mtu anakohoa nyuma yetu. Alikuwa mlinzi wa shamba, mzee mwembamba mwenye koti refu la mvua, na mvua yenyewe haikuwepo. Tukamwamkia.

"Marahaba. Mnatafuta nini humu?"

"Tunatafuta kopo, babu," nikasema.

"Kopo." Akayatazama mashimo. "Wale wezi wa mwezi uliopita walisema wanatafuta mbuzi."

"Zabibu si zimeshavunwa, babu? Tuibe nini?"

"Ndiyo maana naona sasa mmeingia kwenye mizizi."

Binti wa dereva akamweleza kwamba tumetumwa na katibu, kwamba ni mchezo. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, uso haubadiliki.

"Huyo katibu wenu nilimwona," akasema. "Jana jioni. Aliazima jembe langu, akaja huku, akafukia kitu."

"Alifukia wapi, babu?"

"Mimi nalinda zabibu. Angefukia zabibu ningewaonyesha." Akafunga vifungo vya koti lake, akaenda zake, lakini si mbali. Akakaa kwenye jiwe mwisho wa mistari, akatuangalia kama mtu aliyelipia kiti.

Jana jioni. Neno hilo lilimwingia binti wa dereva. Akamgeukia kijana, jembe bado liko mkononi mwake.

"Wewe kaka, jana jioni ulikuwa wapi? Kwaya ilikuwa inapita kwa wagonjwa, hukuja."

"Nyumbani."

"Nyumbani unafanya nini, sikukuu yote ile?"

"Kazi."

"Kazi gani? Maana hata baba yangu jana alipaki lori. Au ulikuja huku na katibu, mkafukia pamoja, halafu usiku ukafukua?"

"Sikuja."

"Basi taja kazi."

Aligeukia nguzo. Mimi nilikuwa nataka aseme uongo mzuri ili yaishe, na papo hapo nilikuwa nataka abanwe mpaka aseme habari za yule mke. Moyo wangu ulikuwa na watu wawili na wote hawakuwa wema.

"Nilikuwa natwanga," akasema.

Binti wa dereva alicheka mpaka akakaa chini kwenye tuta. "Unatwanga nini, kaka? Maji kwenye kinu?"

"Mtama."

"Wewe?"

"Mama haoni," akasema. Alisema akiwa anatazama nguzo, si sisi. "Macho yalimwanza siku nyingi tukiwa Buigiri, sasa hayaoni kabisa. Akishika mchi anajigonga. Dada zangu wameolewa mbali. Mnataka nani atwange?"

Hapo kicheko kikakatika. Mimi nikasikia ule mchi kichwani, mbili taratibu, mbili haraka, na yule mke mrefu wa meno meupe akanitoka hivi hivi, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Alikuwa yeye. Jioni zote zile alikuwa yeye, amejifungia nyuma ya minyaa ili mwanamume asionekane kwenye kinu, maana kwetu angeonekana angetungiwa nyimbo. Ameona afadhali waseme ameficha mke.

"Katibu anajua?" nikauliza.

"Aliingia siku moja kumwombea mama. Alinikuta kinuni." Sauti yake ilikuwa imeanza kukaza. "Akasema, aisee, una mkono mwepesi. Nikadhani yameisha pale. Kumbe ameenda kuniandika mlangoni."

"Wapi alipokuandika?"

"Mvulana, kutwanga mawili. Hamkuona? Mvulana gani anaandikwa masaa ya kutwanga?"

Sote tulikuwa tumeyaona, ila hatukuyasoma. Jicho lilipita pale likajua si mahali pake, likaenda kwenye kuni. Binti wa dereva akasimama polepole, akajipangusa udongo. Akaokota kijiti.

"Subirini," akasema. "Mpe kaka kinu. Mawili. Kuni nani?"

"Mwenye matatu," nikasema. "Msichana wa kwanza."

"Mimi huyo. Mimi nakata kuni, baba hana mtoto wa kiume, nani asiyejua? Matatu. Maji, wa pili, mawili." Akanikazia macho. "Hivi wewe kwenye maji unatushinda wote, hukuliona hilo?"

"Sikuliona."

"Umekaa na sura ya msiba tangu asubuhi, kumbe mwenzetu unaruka na ndoo." Akajumlisha. "Saba. Yarabi, ni saba."

Tulirudi mistari miwili. Pale udongo ulikuwa laini, umefukiwa na mtu asiyezoea kufukia, kwa juu umepigwapigwa na kiganja. Kule kwenye jiwe mlinzi alinyanyuka, akajinyoosha, akaondoka. Nadhani onyesho lake lilikuwa limekwisha. Kijana wa Buigiri ndiye aliyelitoa kopo. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limefungwa kwa utepe wa mpira. Hakulifungua. Akampa binti wa dereva, naye akanipa mimi, sijui kwa nini.

Ndani hakukuwa na majina. Kulikuwa na ufunguo mmoja wa kufuli, mpya, una mafuta.

"Mmoja," binti wa dereva akasema. "Anataka tuugombanie."

Ndivyo nilivyofikiri na mimi. Njiani kurudi nilikuwa nimeushika ufunguo ule ngumi moja, mpaka mafuta yakapita kwenye vidole. Nilipiga hesabu zangu. Wawili watakaobaki ni mvulana mwenye mkono mwepesi na msichana mwenye shoka. Kwenye mashine ya kusaga, anayejua kuchota maji atachota nini? Kijana alitembea mbele peke yake, mabega yamepanda, na nilijua akifika pale atamwambia katibu maneno ambayo hayatarudishika, na katibu atakuwa amepata wa kumwondoa bila kuhangaika. Nilijua pia kwamba hilo lingenifaa mimi. Sikutaka linifae. Nikakimbia nikamfikia.

"Kaka, usimwambie kitu kwa hasira."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mashine ikianza utaleta mtama wa mama hapo, usage. Utaacha kusaga kwa jiwe usiku. Ukigombana naye utaupeleka wapi?"

Alipunguza mwendo.

Katibu alikuwa amekaa kizingitini anakula karanga. Alipoliona kopo akatazama saa. "Mmechelewa," akasema. "Mlianzia mstari gani?"

"Wa tisa," binti wa dereva akasema.

"Nilijua." Akatabasamu, na tabasamu lile mpaka leo sijui niliweke fungu gani. Huenda alikuwa mtu mwema anayetaka tuone jambo. Huenda alikuwa mtu anayefurahia kuwaona wengine wanachimba pasipo na kitu. "Sasa. Kamati imesema wawili. Ndani ya kibanda kuna kazi tatu: kuwasha na kutunza mashine, kupokea na kupima, na kuchekecha na kufunga. Jipangeni wenyewe, kama mlivyojipanga kule. Ufunguo nimpe nani?"

Nilijua ndiyo hii. Kila mtu alisubiri nani atamsukuma nani. Kijana wa Buigiri ndiye aliyeanza, na hakupiga kelele.

"Mimi siwezi kukaa hapa kutwa," akasema. "Na wewe katibu unajua kwa nini, maana umeandika." Katibu akaacha kutafuna. "Nitakuja alfajiri kuchekecha na kufunga ya jana yake. Mchana na jioni nipo kwa mama. Asubuhi nikiwa hapa, mpokeaji yuko nyumbani kwao. Mchana nikiondoka, anaingia yeye. Mwenye mashine anakaa siku nzima, anaipenda."

"Naipenda," binti wa dereva akasema. "Na mpokeaji ni huyu mdogo wangu. Ana maneno mazuri kwa wazee, na hata babu wa zabibu alikaribia kucheka naye."

"Hao ni watatu," katibu akasema.

"Ni wawili. Njoo saa yoyote uhesabu. Utakuta wawili."

Katibu alitutazama mmoja mmoja. Nilimwona akitafuta pa kulipitishia neno lake la ufanisi, akakosa. Akapangusa maganda ya karanga kwenye suruali, akasema atawaambia kamati. Hakusema atawaambia nini. Ufunguo haukutoka mkononi mwangu, na hakuuomba.

Nyumbani nilimweleza mama mdogo yote, isipokuwa habari ya kinu. Alisikiliza akichambua mlenda.

"Kwa hiyo unabaki?"

"Nadhani nabaki, mama mdogo."

"Unadhani. Na hiyo mashine ikiisha kuzoeleka, ataiandika jina la nani?"

"Sijui."

"Chunguza," akasema. "Kila siku uchunguze." Kisha akasikiliza upande wa minyaa, mchi ukiwa umeanza. "Na huyo mwanamke wa ndani hachoki, jamani."

"Hachoki," nikasema.

Kamati walikubali, au hawakukataa, kwa muda wangu wote pale hilo halikujulikana vizuri. Niliendelea kumwangalia katibu kwa jicho la pembeni, nikihesabu mara ngapi anaingia kibandani na mara ngapi anatoka na kitu. Kila alipokuja na mgeni mwenye begi niliamini ndiye mnunuzi. Binti wa dereva alimwashia katibu mashine masikioni kila alipotaka kutoa hotuba, naye hakuwahi kujua kama ni kusudi. Kijana wa Buigiri alikuja alfajiri na kuondoka kabla wanawake hawajajaa, na walipouliza ni nani anayefunga mifuko vizuri namna hii, sisi tulisema tunafunga wenyewe.

Siku ya kwanza kabisa ya kusaga, watu walitoka mpaka mtaa wa pili. Jioni, mashine ikiwa imezimwa, binti wa dereva amekwenda kunawa mafuta, nilibaki peke yangu kibandani kufunga mlango. Kwenye kona palikuwa na mfuko mdogo, nusu debe, aliouacha kijana asubuhi. Mtama wa mama yake, umeshatwangwa, unasubiri kusagwa kesho. Nikaukunjua, nikachota kiganja kimoja nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Ulikuwa umetwangwa vizuri kuliko wowote niliopokea siku ile. Lakini yeye hupepeta gizani nyuma ya minyaa, na ndani mlikuwa na vijiwe.

Nikatandika khanga yangu sakafuni, nikaumwaga wote. Nikakaa chini, nikaanza kutoa jiwe moja moja kwa kidole.